Mafuta Aliyoniachia Mama

Fundi anachanganya jipsamu ya dari, na harufu yake ya unyevu inanirudisha shule ya bweni, Rhotia. Katika chumba cha sanaa kulikuwa na kichwa cheupe cha mwanamke wa Kirumi, nakala ya plasta, jipsamu kama hii, tuliyojifunzia kuchora. Likizo moja wenzangu wote walichukuliwa na wazazi wao. Mama yangu alikuwa Oldeani akichuma kahawa, nikabaki na kile kichwa. Upepo ulikuwa mkavu. Nikampaka yule mwanamke mafuta yote ya kujipaka aliyoniachia mama, na plasta ikayanywa, ikabaki na madoa.

"Nani kafanya hivi?" sista aliyetufundisha kuchora aliuliza.

"Alikuwa amepauka, Sista."

Akaitazama miguu yangu, nayo imepauka vilevile. "Na wewe, nani anakupaka?"

Nikainama, nikaanza kufuta madoa.