Ndoo ya Pili ya Orest Halyko

Ndoo ya pili niliiona kwa mara ya kwanza mwezi wa Januari, siku timu yetu ya hoki ya barafuni ilipofungwa na Tolvik, mji wa jirani. Ilikuwa nyeupe, imefunikwa taulo la bluu, na Orest Halyko aliishusha kwenye gari lake huku akitazama kushoto na kulia. Mimi nilikuwa dirishani kwangu kantini, nakaanga chipsi. Sikusema kitu. Nilitazama saa tu: saa saba na dakika kumi mchana.

Ndoo ya kwanza ilikuwa chini ya uangalizi wangu. Hapa Harrow Creek, paki, vile vidude vyeusi vya mpira mgumu ambavyo wachezaji huvisukuma kwa magongo juu ya barafu, hulazwa kwenye friza ya kantini. Paki ikipata joto hurukaruka badala ya kuteleza. Ufunguo wa friza ninao mimi, na kabla ya kila mechi ndoo ya paki naipeleka mwenyewe kwenye meza ya mtunza saa. Siku ile niliporudi tu dirishani, nilimwona: Orest aliisukuma ndoo yangu chini ya benchi kwa kiatu, akaweka ile ya taulo mahali pake.

Mtu mzima, refa kwa miaka thelathini na moja, anabadilisha paki kisirisiri. Wewe ungewaza nini?

Urefa wenyewe hakuuomba. Mwaka aliooa, refa wa kutoka mjini alikwama kwenye theluji, watu wakamtoa Orest jukwaani, wakamvalisha fulana ya mistari ya mtu mwingine na viatu vya kuteleza vilivyombana vidole. Alisema ni kwa siku moja tu. Mkewe amezikwa mwaka wa sita huu na yeye bado anapuliza filimbi. Siku za wiki huendesha basi la shule. Jumamosi huchezesha mechi mbili, wakati mwingine tatu, na dhoruba ikitishia kufunga barabara anatangulia kuondoka alfajiri ili watoto wa huko aendako wasirudishwe nyumbani kwa kukosa refa. Marefa wapya anawafundisha yeye, wasichana wa miaka kumi na mitano, na kila mmoja anamfunga kitambaa cha kijani mkononi ili watu wakumbuke kwamba huyu ni mtoto kabla ya kumtukana. Watu hukiona kitambaa, kisha hutukana.

Ndiyo maana nilikuwa najiuliza. Mtu anayetukanwa kila Jumamosi anarudi kutafuta nini? Mimi kantini nakaa kwa sababu ya Tanis, binti yangu, ili nimwone akicheza. Orest hana mtoto uwanjani. Ana dada tu, na dada huyo anaishi Tolvik, na mjukuu wa huyo dada anachezea Tolvik.

Nilimhesabia hadi mara tano, kisha nikaenda kwa Noreen Fehr, mwenyekiti wa chama chetu cha hoki.

"Shoga, una uhakika?"

"Mara tano, Noreen. Kwa macho yangu."

"Labda ni chakula chake."

"Chakula gani kinapelekwa kwa mtunza saa?"

Noreen alishika kichwa. "Glenda, mwaka juzi uliniambia padri anaiba mishumaa."

"Kwani mishumaa haikupungua?"

Ilipungua, naye alijua. Niliona amenisikia. Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa fainali, sisi na Tolvik, na kabla ya mechi Orest alikuwa aitwe katikati ya barafu apewe ngao ya heshima mbele ya watu wote. Noreen alisema tutamuuliza kwanza, chumbani kwa marefa, bila kelele. Akishindwa kujieleza, hakuna ngao, hachezeshi fainali, na filimbi anaiacha pale pale.

Jumamosi ile tulimkuta amekaa anafunga kamba za viatu. Goti lake la kulia alikuwa amelizungushia bandeji. Ndoo ya taulo ilikuwa pembeni yake, wala hakuificha.

"Karibuni, mama zangu," alisema. "Mmekuja kunitukana mapema hivi? Mechi haijaanza."

"Mzee Orest," Noreen alisema, "hiyo ndoo ni ya nani?"

"Yangu."

"Ina nini?"

"Paki."

"Na za chama zina kasoro gani?"

Orest alivuta kamba, akafunga fundo, akahamia mguu wa pili. "Zangu zinalala kwenye friza nyumbani. Ni zile zile, kiwanda kile kile. Pima ukitaka."

Noreen alitoa moja, akaipindua. Ilimgandisha vidole, akairudisha haraka. Nilitazama kama ina alama ya kisu au ya gundi. Haikuwa nayo.

"Lakini hata zetu zinatoka kwenye friza," nikasema. "Friza ya kantini ni nzima. Tolvik mnataka paki za namna gani?"

"Tolvik?" Alicheka mpaka akakohoa. "Glenda, dada yangu hajanisemesha tangu nilipomtoa mjukuu wake nje dakika kumi. Krismasi nilikula peke yangu."

Noreen hakucheka. Alitoka, akarudi na ndoo ya kantini niliyokwisha kuipeleka mezani. Aliingiza mkono. Akautoa, akaingiza tena.

"Hizi zina joto kama mkate," alisema. "Friza imekufa?"

"Friza nzima," Orest alisema, macho yake kwenye viatu.

"Sasa?"

Alikaza fundo. Alikuwa na nafasi ya kujisafisha kwa maneno mawili, na aliiacha ipite, na Noreen akaanza kukunja uso kama mtu aliyekwisha kuamua. "Mzee, kama huna la kusema, ngao hatutoi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Jumamosi asubuhi huja na pirogi zangu, vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, trei sita, na friza haitoshi. Naitoa ndoo ya paki, naiweka chini kando ya jiko la chipsi hadi wakati wa mechi. Niliwaza kwamba kitu kilicholala kwenye baridi wiki nzima hakiwezi kupata joto kwa saa nne. Nyama haipati. Sikufikiria kwamba nyama huwa siiweki kando ya jiko.

Ningeweza kusema umeme ulikatika. Wazo hilo lilinijia, sitaki kudanganya. Nilimtazama Orest nikijaribu kuona kama angenisaliti, na yeye alikuwa anatafuta filimbi mfukoni.

"Ni mimi, Noreen," nikasema. Nikamweleza kuhusu trei.

Noreen alikaa kwenye benchi. "Mzee, ulijua?"

"Tangu Novemba."

"Na hukumwambia?"

"Mwaka mmoja nilimwambia kofia ya Tanis imelegea kidogo. Alinipigia simu mara tisa. Tisa! Ya mwisho nilikuwa naoga." Alisimama, goti likalia. "Na pirogi zake nazila pia. Paki hatuli."

Bado nilimuuliza kwa nini alikuwa anatazama kushoto na kulia siku ile alipoishusha ndoo.

"Nilikuwa nakuangalia wewe," alisema. "Nilijua upo dirishani."

Ngao alipewa. Watu walisimama, walipiga makofi hata wale wa Tolvik, na Orest aliishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake, hajui aiweke wapi. Makofi yale hayakudumu. Dakika nne kabla ya mwisho, matokeo yakiwa bao moja kwa bao moja, Tanis alimkwaza msichana wa Tolvik kwa gongo. Nililiona gongo. Orest alipuliza, akamwonyesha benchi la adhabu, dakika mbili, na katika dakika hizo mbili Tolvik walifunga.

Uwanja mzima ulimgeukia. Walimwita kipofu, walimwita mzee wa kustaafu, wale wale wa makofi. Nyuma yangu mwanamke mmoja alipiga kelele: "Huyu refa ana ndugu Tolvik! Kapangwa!"

Niligeuka, nikamtazama vizuri, kofia hadi viatu, huyu aliyesema maneno yangu mwenyewe.

"Wewe dada," nikamuuliza, "na wewe umetokea wapi?"