Hodi kwa Mjerumani

Enzi zetu likizo haikuwa ya kulala kwenye kochi na rimoti tumboni. Shule ikifungwa tu, mama alitukunjia nguo kwenye mfuko wa plastiki, akatukabidhi kwa kondakta anayemfahamu na kutuaga kwa maneno yaleyale ya kila mwaka: "Nendeni mkamsumbue bibi yenu, mimi nimechoka." Sisi watoto wa Mabatini, mtaani kwetu mjini, tuliyasikia hayo kwa furaha isiyo kifani. Kwa Bibi, kijijini kandokando ya ziwa, ndiko dunia ilikokuwa.

Mliokua miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mtanielewa. Mjini kila kitu kilikuwa kimefunguliwa kwa mpigo. Mitumba ilitandazwa hadi barabarani, vibanda vya video vilitangaza mateke kwa kipaza sauti, na biskuti za kila rangi zilijaa madukani. Lakini niambie ni biskuti gani inafikia michembe ya Bibi, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa, vikachemshwa na karanga mpaka mchuzi unashika kidole. Kulikuwa na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Kulikuwa na sato aliyetoka majini akiwa bado ana hasira, na vifuru vidogo vya kukausha ambavyo sangara, yule samaki mla wenzake, alikuwa hajavimaliza vyote. Leo ukimtajia mtoto furu, anakuuliza kama anauzwa supamaketi.

Hata hivyo, chakula hakikuwa kitu mbele ya safari ya kwa Mjerumani.

Kwa Mjerumani lilikuwa boma la mawe juu ya kilima, nyuma ya kijiji, lililojengwa Wajerumani walipokuwa wakitawala na kuachwa vita ilipowafukuza. Paa lilikwisha kuanguka kabla mama yangu hajazaliwa. Zilibaki kuta zilizomeguka, madirisha membamba ya kuchungulia adui, ngazi iliyopanda kwa madaha kisha ikaishia hewani, na lango la upinde lililosimama wima bila mlango. Pimbi waliota jua ukutani kama wazee wa kahawa. Mijusi yenye vichwa vyekundu ilipiga pushapu mbele yetu bila aibu. Ukipanda ngazi hadi mwisho uliliona ziwa lote, mitumbwi, visiwa, na yale mawe yetu makubwa yaliyobebana tangu Mungu alipoyaacha pale.

Jina la boma lilimkera sana Bibi. Mama yake, alipokuwa msichana, alikuwa miongoni mwa waliokusanywa kubeba mawe kwa kichwa kutoka ufukweni hadi kileleni, askari mwenye kiboko akiwa nyuma yao. Bibi alisimulia hayo mikono ikiendelea kumenya viazi, bila kupandisha sauti. Sauti ilipanda akisikia mtu anasema kwa Mjerumani.

"Mjelumani, Mjelumani! Yeye alibeba jiwe gani? Ile nyumba ni ya mama yangu. Mjelumani alipanga tu, na akaondoka bila kuaga."

Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu. Hakuna aliyepanda kwenye nyumba ya mama yake Bibi mikono mitupu. Kila mtoto aliokota jiwe ufukweni, akalitia kichwani na kupanda nalo. Bibi, kama mwenye nyumba, alitangulia. Aliingia, akakaa kwenye jiwe lake bapa ndani, penye kivuli cha ukuta, akasubiri. Sisi tulipanga foleni nje ya lango, tunahema, jasho linatuingia machoni, na mmoja mmoja tukapiga hodi, nami zamu yangu ikafika.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi Kabula, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Jiwe."

"Kubwa?"

"Kubwa, Bibi."

"Haya, karibu."

Kabla ya karibu hukanyagi. Binamu zangu wawili, pacha Kulwa na Doto, waliujaribu utaratibu huo kwa kila mbinu. Kulwa aliwahi kuja na kijiwe kilichoenea kiganjani. Bibi akakigeuzageuza. "Hili la kumrushia kunguru. Rudi." Akarudi hadi ziwani, analalamika njia nzima. Doto, aliyejiona mjanja, alizunguka nyuma ya boma, akanyofoa jiwe ukutani na kumletea Bibi kwa heshima zote. Bibi hata hakuligusa. "Hili nilishalipokea mwaka jana," akasema. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mawe yakishapokelewa tuliyapachika penye mapengo ya kuta, kisha siku ikawa yetu. Tulicheza kombolela vyumbani. Tulipigania ngazi. Nikajitangaza jumbe wa boma, Kulwa na Doto wakawa askari wangu, wavivu kupindukia. Njaa ikiuma, Bibi alifungua sufuria ya michembe. Watoto wa leo wanapelekwa kwenye kasri la plastiki la kujazwa upepo, wanarukaruka nusu saa, wanalia wanataka kwenda nyumbani. Sisi tulikuwa na kasri la kweli na ilibidi tufukuzwe.

Sasa, ruksa ilifika hadi kijijini. Viwanda vya minofu kule mjini vilitaka sangara usiku na mchana, na aliyekuwa na nyavu alianza kunukia hela. Mjomba wangu Masanja, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa na nyavu. Alinunua radio kaseti, akanunua miwani ya jua, akaanza kujenga nyumba ya bati. Hakuwa peke yake. Kila mtu alitaka nyumba ya kisasa, na mawe ya bure yalikuwa kilimani. Mmoja akachukua ya msingi, mwingine ya choo. Ukuta wa nyuma wa boma ukawa unafupika kila tukirudi likizo. Bibi aliona, akatuambia tu tuchague mawe makubwa zaidi.

Jioni moja, tunakula, Mjomba akasema kesho anapeleka mkokoteni na mafundi kulibomoa lango. Yale mawe yaliyochongwa ya upinde yangependeza sana barazani kwake.

"Yamekaa bure tu, mama. Hayana mwenyewe."

Bibi alirudisha tonge sahanini. Mimi nililia palepale, maana lango likiondoka nilijua boma lote litaondoka, na Bibi atabaki na nini cha mama yake? Kaburi lilikuwa halijulikani lilipo. Picha haikuwahi kuwepo. Alikuwa na mawe yale tu.

Asubuhi Bibi alituamsha mapema kuliko kawaida. Tuliokota mawe yetu, tukapanda, tukapiga hodi, tukakaribishwa, tukakaa miguuni pake. Tukaanza kusikia magurudumu ya mkokoteni yakilia, ng'ombe wakihimizwa, mitaimbo ikigongana. Mjomba akatokea mbele ya lango, miwani usoni, shati jeupe, mafundi wawili nyuma yake.

Hapa ndipo pa kucheka. Mjomba alilelewa na mama yuleyule. Tangu anajifunza kutembea alipanda kilima kile na jiwe mkononi, na hakuwahi kuvuka lango lile kimyakimya. Alikuja kulibomoa, lakini mdomo ukamtangulia.

"Hodi!"

Akaita tena, "Hodi humu!"

"Nani?" Bibi akauliza.

"Mimi Masanja. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Mafundi walitazama mitaimbo yao.

"Sikuleta kitu, mama. Nimekuja kuchukua."

"Jana ulisema hapa hapana mwenyewe. Sasa hiyo hodi umempigia nani?"

Fundi mmoja alijifanya anakohoa. Mjomba alibaki amesimama. Lango halikuwa na mlango, palikuwa na hewa tu, na mbuzi mmoja aliingia na kutoka mbele ya macho yake. Lakini mtu mzima aliyepiga hodi hawezi kuingia bila kukaribishwa. Alihamisha uzito mguu huu na ule. Akavua miwani, akajifuta uso. Jua likapanda. Bibi akaanza kumenya karanga, akitugawia mojamoja.

Mwishowe Mjomba akageuka, akateremka kilima. Tulidhani amekwenda zake kwa hasira. Aliporudi alikuwa na jiwe begani, jiwe la kiume hasa, shati jeupe limekuwa la udongo na pumzi zinamtoka kama ng'ombe wake.

"Hodi, mama."

"Umeleta nini?"

"Jiwe."

"Kubwa?"

"Ah, mama! Si unaliona?"

"Haya, karibu mwanangu."

Tulishangilia hadi pimbi wakakimbia. Mafundi walilipachika jiwe lile kwenye ukuta wa nyuma, tena kwa saruji, na wote wakala michembe. Mjomba alimalizia baraza yake kwa matofali ya kuchoma. Miaka iliyofuata aliwasimulia wageni jinsi yeye alivyoliokoa boma, na Bibi alimwacha aongee.

Bibi sasa amelala chini ya kilima kile. Mwaka jana niliwapeleka wanangu. Walilalamika hakuna mtandao. Nilipowaambia waokote mawe, yule mkubwa akauliza kwa nini tusikodi bodaboda ituletee. Watoto hawa wana kila kitu, nami nafurahi wanacho, lakini nawaonea huruma kidogo. Hakuna anayewasubirisha mlangoni. Walipanda mbio, simu juu, wakapita langoni bila hodi na kwenda kujipiga picha kwenye ngazi.

Nilifika mwisho, goti linauma, jiwe mikononi. Mdomo ukanitangulia mimi pia.

"Hodi!"

Ndipo nikakumbuka kwamba ndani hakuna tena wa kuniitikia. Miguu ikakataa. Mama mzima, mwenye ofisi na wasaidizi, nimekwama kwenye lango lisilo na mlango, machozi yananitoka, nikamwelewa Mjomba Masanja kuliko siku zote. Hadithi hii nimewasimulia wanangu mara nyingi mezani, na mara zote nilidhani nazungumza na spika zao za masikioni.

"Nani?" sauti ikauliza.

Alikuwa binti yangu wa mwisho. Alikuwa amekaa kwenye jiwe bapa, penye kivuli, simu mapajani.

"Mimi, mama yako."

"Umeleta nini?"

"Jiwe," nikasema.

Akachomoa kidude sikioni.

"Kubwa?"