Mbuzi bila kamba

Juzi hapa Mbunya walituletea mashini ya kuchagulia ili tujifunze kubonyeza picha ya mgombea, na zamu yangu ilipofika kioo kikazimika. Ajenti wa uchaguzi aliyeileta akapiga simu, akasikiliza, akajikuna shingo. "Mungojee, wenye mashini watatuma kode, namba ya kuiwasha, kutoka ng'ambo."

"Papa, si mulisema Serikali ilinunua?" nikauliza.

"Ilinunua. Lakini programu ya kuhesabu kura iko ya kampuni, siye tuko na ruhusa ya kuitumia tu. Kuifungua ndani ni marufuku."

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Kwetu Mahagi ukiuza mbuzi unatoa na kamba. Ukibaki na kamba, mbuzi iko yako."

Watu wakacheka. Ajenti hakucheka, akaninyooshea kidole mimi, si yeye. "Weye mama, uko na mutoto ku mugongo. Achana na politike."

Niliogopa kweli. Lakini hasira haijanitoka, maana niliuliza kwa ajili ya mtoto huyohuyo. Siku watu watakapogombania hesabu ambayo hakuna Mkongomani anayeruhusiwa kuikagua, kampuni itakuwa ng'ambo na kamba yake mkononi, na mimi nitakuwa barabarani, nakimbia naye mgongoni.