Bahasha ya Mbele

Baba yangu ni fundi wa ujenzi, na zamani kutembea naye Kitengela kulikuwa ni kusimama kila baada ya hatua kumi. "Unaona hiyo fensi? Hiyo ni yangu," angeniambia, na kumbe fensi ni ya mwenye ploti. "Hiyo gorofa ya buluu, ngazi yote nimejenga mimi." Nilikuwa nachoka. Nilimwambia kama anataka mji wote uitwe jina lake, aende kwa chifu. Siku hizi natamani anisimamishe, hata kama ni kunionyesha banda la kuku.

Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Watu wa kanisa walipokuja kutuombea walisema ni mipango ya Mungu, na wote nyumbani wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilijua mipango ilikuwa ya nani.

Nianze pwani, kwa sababu huko ndiko nilikofundishwa vizuri, na aliyefundishwa vizuri hana pa kujitetea. Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya kupima samaki, kusini ya Mombasa. Watafiti walitaka kujua kama samaki wa miambani wanapungua, na kwa kuwa huwezi kuingia baharini ukawahesabu mmoja mmoja, tuliwapima wale walioletwa na wavuvi: urefu kwenye ubao, uzito kwenye mizani, jina kwenye karatasi. Mtoto wa Kitengela mimi, samaki niliowajua ni omena na tilapia wa kukaangwa. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja wa huko huko, mkali kama pilipili, na sheria yake ilikuwa moja. "Usimchague samaki," alisema. "Tia mkono kapuni, atakayekuja ndiye huyo huyo. Mwenye kuchagua ni mnunuzi, nawe hukuja kununua."

Wiki ya pili nilimchagua. Kulikuwa na samaki mmoja, changu mkubwa, amelala juu ya wadogo wadogo, nikamvuta yeye kwa sababu alipendeza kumtazama. Yule mama aliona. Alichukua karatasi yangu ya siku nzima akaipiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe. Nikalalamika kwamba ni samaki mmoja tu. "Huyo mmoja amewaharibu wenziwe wote," akasema. "Sasa sitajua ni bahari inayosema au ni wewe." Nilinuna mpaka siku ya pili. Nilimwona mwanamke mwenye roho mbaya.

Mkataba ulipoisha nilirudi nyumbani, nikapata kazi nyingine ya utafiti, safari hii wa mifupa, katika hospitali moja upande wa Kajiado. Watu waliovunjika muundi, ule mfupa wa chini ya goti, walitibiwa kwa njia mbili. Wengine walifungwa plasta, wengine walifanyiwa upasuaji wakatiwa chuma ndani ya mfupa. Madaktari walikuwa hawajakubaliana ni njia ipi inayomrudisha mtu kazini vizuri zaidi, kwa hiyo iliamuliwa bahati ndiyo ichague. Mgonjwa akishakubali kuingia, mimi au mwenzangu tulikwenda kwenye sanduku la bahasha, tukachukua iliyo mbele kabisa, tukaichana. Ndani mlikuwa na kadi yenye neno moja: PLASTA au CHUMA. Hakuna aliyetakiwa kujua kabla ya hapo, na kazi yote ilisimama juu ya huko kutojua.

Bahasha za kwanza zilikuwa za kaki, nzito. Zilipoisha nilitumwa kununua nyingine. Nilipita duka moja la vitabu hapa Kitengela nikakuta wana nyeupe tu, nikachukua nyeupe, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani kabla ya mvua. Wenye ofisi walizitia kadi wakazipanga. Hakuna aliyefikiria kuinua moja kwenye jua.

Baba aligongwa na bodaboda akivuka barabara ya Namanga kwenda kununua misumari. Asubuhi iliyofuata aliletwa hospitalini kwetu, akawekwa kwenye machela ndani ya chumba chetu, mguu umefungiwa vipande vya mbao, naye anamtania nesi kwamba aliyekata mbao hizo hakuwa na futi. Sheria ilisema mtu asimshughulikie wa kwao. Lakini mwenzangu alikuwa amekwenda Ewuaso Kedong kumtafuta mgonjwa aliyekosa kurudi kliniki, na daktari alitaka jibu ili apange upasuaji wa siku hiyo. Ningeweza kumwambia angoje. Sikumwambia. Nikamsomea baba karatasi ya kukubali, yote, hata ule mstari unaosema kwamba chuma huweza kuleta usaha mfupani. Niliusoma haraka haraka, kama matangazo ya kanisa.

"Sasa hii itasaidia nani?" baba akauliza.

"Wale watavunjika baadaye."

"Hiyo ni sawa. Lakini mama, mimi nipatie chuma." Baba huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Nguzo bila chuma ni matope."

"Si mimi nachagua, baba. Ni bahasha."

"Na bahasha inajua nini mambo ya nguzo?"

Nesi alicheka, akatoka. Sanduku lilikuwa kwenye meza, chini ya dirisha, na jua la asubuhi lilikuwa linaingia lote. Nilimpa baba mgongo, nikachukua bahasha ya mbele, na kabla sijaichana nikaiinua. Nimewahi kujiambia sijui kwa nini niliinua. Najua vizuri sana. Herufi zilionekana ndani ya karatasi nyeupe: PLASTA. Nikainua iliyofuata: CHUMA. Nikarudisha ya kwanza mahali pake, nikaichana ya pili, nikageuka na kadi mkononi. Baba alikuwa anatazama dari. Nilipomsomea neno lile akasema, "Asante Yesu."

Mchana huo huo aliletwa mzee Mmaasai kutoka upande wa Namanga, aliyeangukiwa na lango la boma lake. Naye alikubali kuingia. Nikachukua bahasha ya mbele. Nilijua kilichomo kabla ya kuichana, na nilikwepa kumtazama usoni.

Daktari alisema upasuaji wa baba ulikuwa mzuri, na kwa wiki mbili nilijipongeza moyoni. Nilijiambia kama mtoto hawezi kumtetea mzazi wake, elimu yote hiyo ni ya nini? Wiki ya tatu kidonda kilianza kuwa chekundu. Kikatoa maji, kisha usaha. Walimrudisha ndani kumsafisha, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu wakatoa chuma chenyewe, lakini mfupa ulikuwa umeshaoza na homa haikusikia dawa. Mwezi wa saba tangu agongwe wakakata.

Nilimuuliza daktari kama plasta ingemwokoa. Alisema kwa mtu mmoja hakuna awezaye kujua: pengine angepona, pengine mfupa ungeunga vibaya akabaki akichechemea. "Ndiyo maana tunafanya utafiti," akasema, akinifariji, maskini, bila kujua anamfariji nani. Kuchechemea! Nilikwenda msalani nikauma leso yangu nikalia. Nilikuwa nimemnyima baba yangu kuchechemea.

Nyumbani alijifunza magongo, akawa anakaa kwenye kiti pale getini, anatazama kuta za wengine zikipanda. Kitu kimoja ndicho kilichomshikilia. Kila mgeni aliyempa pole alimkatiza. "Mguu wangu umeandikwa," alisema. "Madaktari watausoma. Kesho kuna kijana atavunjika, nao watasema ngoja kwanza, kuna mzee wa Kitengela aliwekwa chuma na haya ndiyo yalimpata." Alisema hivyo kwa mafundi wenzake, kwa mchungaji, hata kwa mwanamke anayetuletea maziwa. Alikuwa anauonyesha mguu usiokuwepo kama alivyokuwa anaonyesha fensi.

Mwaka ulipotimia nilitakiwa kuwatembelea wagonjwa walioingia mwezi ule, mmoja mmoja, makwao. Jina la yule mzee lilikuwa kwenye orodha. Nilifika kwa boma lake nikiwa nimejiandaa kumkuta ameketi. Alikuja kunilaki mwenyewe, fimbo ameilaza mabegani.

"Takwenya," akaniamkia.

"Iko," nikaitikia.

Kazi yangu ilikuwa kumwomba atembee hatua ishirini huku nikihesabu. Alitembea ishirini, akapita lango, akaenda mpaka kwa mbuzi wake kule chini, akarudi bila kuhema. "Andika na hizo," akasema. Kisha akanieleza kwamba siku ile alikasirika sana. Alikuwa ametaka chuma, akadhani plasta wanapewa maskini. "Lakini Enkai anajua," akasema, akinitajia Mungu wake. "Na ni wewe ulitoa hiyo bahasha. Mkono yako iko na baraka." Mke wake alinipa chai yenye maziwa mengi. Nilikunywa yote kwa sababu kukataa chai ya mtu ni kumtukana.

Nilirudi Kitengela jua bado lipo. Baba alikuwa getini.

"Umetoka wapi na uso hiyo?"

"Upande wa Namanga. Kwa mzee mmoja aliletwa siku ile yako."

"Huyo alifungwa plasta?"

"Ndiyo."

"Anatembea?"

"Anatembea, baba."

Akaegemeza magongo kwenye ukuta, polepole, moja baada ya jingine. "Hiyo plasta ilikuwa yangu," akasema.

Nilikaa chini, kwenye mawe yaliyobaki alipojenga geti hilo.

"Nilikuona, mama. Mkono ilienda juu kwa dirisha mara mbili. Hata mimi nikitaka kujua kama ukuta imenyooka, naangalia hivyo hivyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka chuma."

Nililia pale mbele ya barabara, watu wakipita na mifuko yao ya sukuma wiki. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Alisema tulikosa wawili, na kwamba mtu mzima ni yeye. Halafu akauliza kama wakubwa wangu wanajua. Nikasema hapana.

"Basi kesho uende uwaambie," akasema. "Msingi ikipinda, huko juu unajenga bure. Hiyo mguu yangu waisome na ukweli wake."

Nilikumbuka karatasi yangu ya pwani na ule mstari mwekundu. Nilijua kitakachotokea. Ningeweza kumwambia hapo hapo, nikashindwa, maana alikuwa ameinua kichwa kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu akatwe.

Asubuhi nilikwenda nikasema yote. Daktari mkuu wa utafiti hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliuliza ni bahasha ngapi nyeupe nilizowahi kuinua. Nikasema ni mbili, siku moja tu, na nikaona kwamba hana sababu tena ya kuniamini. Aliitisha faili ya baba na faili ya yule mzee, akaandika kitu juu ya kila moja, akapiga mstari. Kalamu yake ilikuwa nyeusi. Nikaacha kitambulisho changu mezani.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la Jumapili. Alikuwa ananingoja.

"Wamesema nini?"

"Wamenisimamisha kazi."

"Hiyo ni kitu ndogo, utapata ingine. Na mguu?"

Nikamwambia. Faili yake na ya yule mzee zimeondolewa zote mbili. Hazitasomwa pamoja na nyingine, kwa sababu hakuna awezaye kujua tena kama ilikuwa bahati iliyosema au ni mimi.

Alipapasa suruali pale tulipoikunja na kuibana kwa pini.

"Kwa hivyo haiko ndani," akasema.

"Haiko, baba."

"Hata kwa ile hesabu ya wenye waliumia?"

"Hata huko."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Yule mwanamke wa maziwa alifika, akamimina maziwa yetu kwenye sufuria, akamwambia pole mzee, na mguu unaendeleaje. Nilingoja amweleze habari ya madaktari na yule kijana atakayevunjika kesho. Baba alimwambia asante tu.