Chini ya Taa Nyekundu, Kitale

Wanaume wenye ngozi nzuri kama yangu ni wachache, ndiyo maana juzi niliipeleka saluni ikapigwe zile taa nyekundu za kung'arisha uso. Nikavalishwa barakoa ya taa, uso wote ukafunikwa, yakabaki matundu ya macho tu. Kando yangu alilala mama amevalishwa kama mimi.

"Mrembo," nikamwambia, "tukitoka si nikununulie chai?"

"Chai tu, bana?" Akacheka.

Kuvuliwa barakoa, kumbe ni mama mkwe wangu wa Bungoma. Kwetu mkwe humsalimu mama mkwe kwa mbali, hata mkono hampi, kwa hivyo sauti yake sikuijua. Alijifunika leso kichwani, akatoka.

Jumamosi tunaenda kwao harusini. Mke wangu, asiyejua lolote, anawapigia simu: "Ngojeni muone vile bwanangu anang'aa."