Kisiwa Ambako Hatuna Mtu

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: kaka yangu hawezi kukisoma haraka. Kikisemwa anakielewa, hasa kikisemwa na Mama kwa sauti ya juu, lakini kwenye karatasi anakwenda silabi kwa silabi kama mtu anayetembea juu ya barafu. Kwa hiyo hapa naweza kusema ukweli, na ukweli ni kwamba naogopa kusalimia watu.

Adabu ninayo, jamani. Mama asingekubali nisiwe nayo. Ila mara ya mwisho tulipokwenda Tanzania nilikuwa na miaka kumi na mbili, na likizo yote niliimaliza kwenye sebule za watu. Asubuhi sebule ya shangazi, mchana sebule ya baba mdogo, jioni sebule ya mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani kwetu. Kila sebule ilikuwa na vitambaa vya kufuma juu ya makochi, soda ya baridi, na mtu mzima aliyenishika mkono akakataa kuuachia huku akiuliza, "Unanikumbuka mimi?" Nimkumbukeje? Niliondoka nchini nikiwa bado nabebwa mgongoni.

Kilele kilikuwa Njombe, kwa Bibi mzaa baba. Kaka yake Bibi, mzee wa fimbo na koti zito, alinisalimia yeye kwanza kwa sababu mimi nilikuwa nimeganda. "Hujambo, mjukuu wangu?" Kichwani maneno yote yalikuwepo, yamepangwa vizuri kabisa. Mdomoni likatoka moja tu: "Marahaba." Yaani nilimwitikia mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi kana kwamba yeye ndiye mtoto, kaniamkia. Sebule nzima ililipuka. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akainama kidogo akasema, "Shikamoo, mama!" Alinitania kwa upendo, najua. Lakini kicheko kile kilitutangulia kila nyumba tuliyokwenda. Mpaka leo kaka yangu akitaka kunikera ananiita Mzee.

Sasa, kwetu hapa Etobicoke hakuna jambo linaloamuliwa bila kikao. Baba amekaa kwenye kamati nyingi sana za harusi za Watanzania wa Toronto, kiasi kwamba hata friji tulilinunua kwa ajenda. Yeye ni mwenyekiti, Mama ni mweka hazina, kaka ni katibu, ingawa kumbukumbu anaziandika kwa Kiingereza. Mimi ni mjumbe. Kikao kinafunguliwa kwa sala na kinaendeshwa kwa Kiswahili. Ukitoa hoja kwa Kiingereza, haijasikika. Kipengele cha mwisho ni mengineyo, na hapo Baba hunigeukia kila mara na kuniuliza, "Mjumbe, una lolote?" Na kila mara mimi hutikisa kichwa.

Basi Novemba ikafika. Theluji ya kwanza ilikuwa imeshageuka tope jeusi pembeni mwa barabara. Mama alirudi kazini, akavua buti mlangoni, akashindwa kunyanyuka, akabaki amekaa chini palepale na skafu yake shingoni.

"Mwaka huu nataka jua," alisema. "Siyo kwenda nyumbani. Nyumbani tutakwenda mwakani, Mungu akipenda. Nataka jua la kulala chini yake nisifanye kitu."

Moyo wangu uliruka. Likizo bila sebule! Likizo bila "unanikumbuka mimi"! Sikuwahi kuitaka safari yoyote kama nilivyoitaka ile.

Jumapili baada ya kanisa Baba akafungua kikao. Katibu alikuwa wa kwanza kutoa hoja: Meksiko. Alituonyesha kwenye televisheni hoteli yenye mabwawa yaliyounganishwa kama vyumba vya nyumba, na mteremko wa kuteleza majini mrefu kuliko jengo letu. Mimi nikaanza kujiona nipo kwenye kiti cha ufukweni, mdomo umefungwa kwa raha. Halafu nikamwona Baba anatazama dari huku anapigapiga meza kwa kidole. Nikajua tumekwisha.

"Meksiko, Meksiko... Hivi yule bwana niliyesoma naye chuo Morogoro si alioa huko?"

Simu ilikuwa sikioni kabla hajamaliza. Akaweka sauti ya wazi, na sote tukamsikia yule bwana akifoka kwa furaha: "Hoteli? Hoteli ya nini na mimi nipo? Mnataka kunivunjia heshima! Nyumba ipo, magodoro yapo, njooni!"

Kaka alizima televisheni polepole, kama anayefunika maiti.

Mama akaleta Ureno. Kuna jua la wastani, alisema, kuna bahari, samaki wabichi, vichochoro vya mawe vya kupendeza. "Tena yule dada tuliyekuwa naye kwaya alihamia Lisbon na..." Akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amechelewa. Baba alikuwa ameshatabasamu.

"Basi Zanzibar," kaka akasema. "Kimyakimya. Tunashuka, tunaogelea, tunaondoka. Nani atajua?"

Mama alimtazama kama kapendekeza tukaibe sadaka. "Ufike Tanzania usiende Njombe? Mimi nimtazame mama mkwe wangu kwa macho gani?"

"Si kimyakimya, Mama."

"Mtanzania gani unamjua wewe anayeweza kukaa kimya?"

Kikao kikaahirishwa kwa wiki moja ili wajumbe wakatafakari. Mimi sikutafakari, nilisaka. Kwenye basi la kwenda shule, kioo kimejaa ukungu na watu wamevimba ndani ya makoti, nilipita kisiwa kwa kisiwa kwenye simu. Nilikuwa na maswali mawili. Kuna joto? Na kuna Mtanzania? La kwanza linajibiwa na kila tovuti ya utalii duniani. La pili inabidi ujitafutie. Nilikuwa naandika jina la kisiwa pamoja na neno "Watanzania", kisha nasubiri huku nimefumba jicho moja. Jamaika: wapo. Barbados: picha ya watu wamevaa rangi za bendera yetu, wamezunguka sufuria la pilau. Pilau lilionekana zuri, lakini hapana.

Ndipo nikafika Curaçao, kisiwa kidogo karibu na Venezuela. Nyumba zake zinasimama kando ya maji zikiwa za njano, za waridi na za buluu, kama mtu alishindwa kuchagua rangi akaamua zote zikae. Bahari yake imetulia, unaona miguu yako mwenyewe ukiwa umezama mpaka kifuani. Kuna daraja linaloelea, ambalo meli ikija linafunguka kama mlango. Nikaandika "Watanzania". Hakuna. Nikajaribu kwa Kiingereza. Hakuna. Nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka mama mmoja akausogeza mkoba wake mbali nami.

Kikao cha pili kilijivuta. Meksiko ilirudi, Ureno ikarudi, katibu na mweka hazina wakarushiana maneno kuhusu mteremko wa majini. Kisha Baba akasema, "Mengineyo. Mjumbe, una lolote?"

Nikasimama. Hakuna anayesimama kwenye vikao vyetu, tunakaa mezani na chai, lakini miguu iliamua yenyewe.

"Mwenyekiti," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikaipandisha. "Mwenyekiti, naomba twende Curaçao. Kwanza, kuna joto. Pili, bahari imetulia, hata Mama anaweza kuingia. Tatu..." Nikasogeza kikombe changu cha chai. "Tatu, hatuna mtu."

Kaka aliacha kutafuna.

"Hatuna mtu kabisa?" Baba aliuliza taratibu, kama nimemwambia kisiwa hakina maji.

"Hata mmoja."

Hakuamini. Alimpigia rafiki yake aliyeko Uholanzi, kwa kuwa kisiwa kile kina undugu na Uholanzi. Rafiki akafikiri, akasema alikuwa na jirani aliyewahi kufanya kazi kule. Moyo ukanidondoka. Jirani mwenyewe alikuwa Mghana, akasema. Baba akachangamka: "Mghana? Mghana ni ndugu!" Rafiki akajibu kwamba alisharudi kwao Accra. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Mghana yule na safari yake njema.

Baba aliweka simu mezani. "Sasa tutakwenda mahali hata chai hatukaribishwi?"

Hapo Mama akanyoosha mkono, na Mama huwa hanyooshi mkono, huwa anasema tu. "Mwenyekiti, naunga mkono hoja ya mjumbe. Kila tukienda kwa watu, nyie mnakaa sebuleni, mimi naingia jikoni kumsaidia mwenyeji. Nimepika Mbeya, nimepika Dar, nimepika hadi London kwa binamu yako, kwenye jiko lenye plagi moja inayofanya kazi. Nataka wiki moja nisijue chumvi inakaa wapi."

Nilimtazama. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu.

"Hoteli ina mteremko?" kaka akauliza.

"Mdogo."

"Naunga mkono, Mzee."

"Hoja imepita," Baba akasema kwa unyonge, kisha akanitazama kwa namna nyingine. "Umeitetea vizuri, lakini."

Hapohapo tukampigia Bibi, tukaegemeza simu kwenye chupa ya chai ili sote tuonekane. Bibi alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Mnakimbia baridi?" akashangaa. "Huku Julai majani yanaganda na hatujakimbia. Haya, mtafikia kwa nani?"

"Hotelini, mama," Baba akajibu kama aliyekamatwa.

"Sasa mnakwenda kumsalimia nani?"

Kila mtu akanitazama mimi, mwenye hoja. "Hakuna mtu, Bibi," nikasema.

Bibi akalifikiria jambo hilo. "Haya, mwende salama. Lakini mkikuta mtu, mnisalimie."

Tulikwenda wiki ya mwisho ya Desemba. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, joto lilitupokea kama pumzi ya sufuria, na Mama akacheka kwa sauti pale kwenye ngazi. Hotelini alipofungua begi nikaona vitenge viwili na paketi za chai ya Njombe. "Za nani, Mama?" Akaona aibu. "Mazoea tu. Mkono haujui kufunga begi bila zawadi."

Siku za kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani. Niliogelea. Nilikaa chini ya mti uliopindwa na upepo mpaka ukalala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Hakuna aliyeniuliza kama namkumbuka. Mama alilala juani kweli, mdomo wazi. Aliyeteseka ni Baba. Siku ya pili alikuwa ameshawasalimia dereva, mtunza bustani na mlinzi, na siku ya tatu mlinzi akawa anamwonyesha picha za wajukuu zake.

Karibu na ufukwe kulikuwa na mama mmoja, mtu mzima, aliyeuza juisi chini ya mwavuli wa kijani. Siku ya kwanza nilinyoosha kidole tu kwenye dumu la rangi ya kahawia. Akanisalimia kwa lugha ya kwao, "Bon dia, dushi," nikatabasamu nikakimbia. Nikanywa. Ulikuwa ukwaju! Ukwaju wenyewe, mchachu mpaka sikio likatetemeka. Kesho yake nikarudi. "Bon dia, dushi." Sijui nini kilinipata. Labda ni kwa sababu kwenye lugha ile sikuwa na la kukosea: sikujua lolote, na hakuna aliyetegemea nijue. Nikajibu, "Bon dia." Akapiga kofi moja kama nimefunga goli.

Siku zilizofuata tuliongea, yeye kwa Kiingereza cha kuokoteza, mimi kwa kile kile cha shuleni. Kwamba dushi ni neno la kumwita mtu mpenzi, au chakula kitamu, au chochote kizuri. Kwamba mwanawe yuko Uholanzi na hapendi baridi. Kwamba kwetu ukwaju tunauweka hata kwenye mchuzi. Alikataa kuamini.

Siku ya kuondoka nilikwenda mapema. Nilikuwa nimejizoeza maneno njiani, nikayasema yote bila kuganda: "Bibi yangu anakusalimia."

Akaweka mkono kifuani. "Bibi yako? Ananijua?"

"Hapana. Alisema tukikuta mtu, tumsalimie."

Akaegemea meza yake akataka kujua kila kitu: Bibi ana miaka mingapi, anatembea vizuri, huko kwao wanalima nini. Nilimwambia ni viazi na chai, na kwamba kuna baridi. Akaguna kwa huruma. Nikarudi hotelini mbio, viatu vimejaa mchanga.

"Mama, nipe kitenge!"

Mama aliamka. "Cha nani?"

"Cha mtu wangu."

Hakuuliza zaidi. Alinipa vyote viwili, na chai juu yake, na usoni alikuwa kama mtu aliyeshinda kesi.

Tuliporudi Etobicoke madirisha yalikuwa yameota barafu kwa ndani. Baba akampigia Bibi kumwambia tumefika. Nikaichukua simu mkononi mwake.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, mlimkuta nani?"

Nikakaa chini mlangoni, pale alipokaa Mama siku ile, nikaanza na mwavuli wa kijani. Nikamweleza dumu, ukwaju, mtoto wa Uholanzi asiyependa baridi, na jinsi yule mama alivyojifunga kitenge papo hapo juu ya gauni lake akageuka huku na huku. Bibi alikuwa anauliza na mimi najibu, na nilipokosa neno nililizunguka nikatokea upande wa pili. Nikampa salamu alizotumiwa, akazipokea mojamoja.

Baba alinyoosha mkono mara ya kwanza, kisha mara ya pili. "Mjumbe, lete simu, na mimi nimsalimie mama yangu."

"Subiri, mwenyekiti," nikamwambia. "Bado tuko kwenye mengineyo."