Moshi wa Bandani

Farasi jike alikufa kichwa kikiwa mapajani mwangu, mtoto wake bado anamsukuma chuchu anyonye.

Huku Mtunda mbung'o ni wengi, na wakimng'ata farasi anaugua, anakonda mpaka anakufa. Ndiyo maana nilikuwa nafukiza mavi makavu ya ng'ombe mlangoni mwa banda. Yule mama aliupenda ule moshi, alikuwa anasimama humo akininusa shingo.

Wakaja wanunuzi wa farasi wa mashindano. Meneja wa shamba akanifokea mbele yao, “Mzee, unafuga farasi au unakausha samaki?” Akaukataza moshi moja kwa moja.

Sasa mtoto nampa maziwa kwa chupa, naye meneja anawaambia watu mama mtu kafa kwa uzee. Uzee gani, na huu ulikuwa uzazi wake wa pili tu? Aje hapa anijibu.